Tajiri wa Mikeka

Mtu wa Pande akitaka mkeka huambiwa aende kwa Bi Mwahija. Mtu wa Arusha au Mwanza akiutaka huambiwa amwandikie Nusaiba. Mikeka ni ile ile, imesukwa na mikono ile ile. Tofauti ni kwamba ukifika kwa Bi Mwahija utakuta baraza limejaa wanawake walionyoosha miguu, wanasuka na kusengenya, na ukifika kwa Nusaiba utamkuta Nusaiba.

Wapo wanaosema ana maringo. Mimi nawaambia wakome, maana maringo wanayajua wenyewe. Nusaiba amezaliwa hapo hapo kijijini Pande, na ukili wake wa kwanza, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, alifundishwa na mke wa mjomba wake, mama yake Kijakazi, aliyekuwa akimgonga vidole kila aliporuka mwaa mmoja wa majani hayo. Kijakazi na Nusaiba ni rika moja, na kwa kuwa mtoto wa mjomba ni mtani, hawakuwahi kuzungumza kwa adabu tangu walipoota meno. Kijakazi akiutazama ukili wa mwenzake husema umepinda kuliko njia ya Likawage. Husema Bakary alimwoa Nusaiba kwa kukosea mlango, akaona haya kurudi. Nusaiba naye hamwachii.

"Mimi angalau kuna aliyekosea mlango," humjibu. "Wako wewe hubishwa hodi na mbuzi tu."

Hapo baraza zima huanguka kicheko, mpaka Bi Mwahija aseme, "Sukeni nyie, mdomo haushoni mkeka."

Hivyo ndivyo alasiri za Pande zilivyokuwa zikipita, na Nusaiba hakujua kwamba hicho ni kitu mtu anaweza kukikosa.

Bakary alikwenda Likawage kulima ufuta, nyumba ikawa kimya, na katika kimya hicho Nusaiba akawa mtu wa simu. Huko simuni akakutana na mwanamke wa Dar es Salaam aitwaye Mwalimu Rosemary, anayefundisha watu kuuza bidhaa mtandaoni, akaingia katika kundi lake la WhatsApp. Darasa lilikuwa la moja kwa moja, na lilianza baada ya alasiri, kwa sababu mchana mwalimu mwenyewe alikuwa ofisini. Baada ya alasiri ndiyo saa ya baraza.

Mwanzoni Nusaiba alijaribu kuvishika vyote viwili. Alikaa barazani, ukili mapajani, simu kaiegemeza kwenye mtungi. Siku hiyo mwalimu akamwita kwa jina, akamtaka ajitambulishe kwa wenzake. Alipofungua kinywa tu, Kijakazi akainama juu ya simu na kupaza sauti, "Mwalimu, huyo usimsikilize, hata kuoga hajaoga!"

Darasa lote likacheka, kutoka Bukoba mpaka Tanga. Nusaiba aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kesho yake darasa alilisikilizia chumbani kwake, kwenye pembe ya dirisha ambako mtandao, ambao Pande huja kwa hiari yake, ulikuwa haukatiki sana. Alisema atarudi barazani kozi ikiisha. Ilipoisha, ikaanza nyingine.

Mwalimu Rosemary alikuwa na msisitizo mmoja. Alisema kujifunza peke yake hakutoshi. Kundi ni jamii, na anayesoma akanyamaza ni sawa na aliyekwenda harusini, akala, akafuta mikono akaondoka. Nusaiba alilipenda neno hilo, maana lilikuwa neno la kwao kabisa. Basi akashiriki. Mama wa Dodoma alipojifungua mapacha, Nusaiba alikuwa wa kwanza kumpa hongera. Duka la mwenzao wa Tanga lilipoungua, alimwandikia pole ndefu yenye dua. Alizijua homa za watoto ambao hatawaona maishani. Mtoto wa jirani aliugua surua, na Nusaiba alipata habari akiwa ameshapona, anakimbiza kuku.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakusema kwamba inayoponyoka haipigi kelele.

Biashara ikakubali, sikatai. Katika simu yake alikuwa na video moja ya zamani: wanawake barazani, Kijakazi anamkejeli, yeye anajibu, watu hoi kwa kicheko. Akaipandisha mtandaoni, chini yake akaandika, "Tunasuka pamoja." Video ikapendwa ajabu. Watu walitaka mikeka, na walitaka zaidi ya mikeka. Mmoja aliandika kwamba anatamani angekuwa na dada kama hao. Nusaiba akawa anapeleka oda kwa Bi Mwahija, anachukua mikeka, bodaboda anaifikisha mjini Masoko ikapande basi. Akina mama walipata, na walishukuru. Siku ya kwanza aliyofika na oda, Kijakazi alipiga kigelegele, akasema, "Mpisheni tajiri! Jana tu alikuwa akiniazima chumvi!" Wakacheka wote, na Nusaiba akacheka kuliko wote.

Kisha mama yake Kijakazi akafariki.

Nusaiba alilia siku ya maziko kama mtoto wa kuzaliwa, na usiku ule alilala msibani pamoja na wanawake wa ukoo, kama inavyopasa mpaka hitma isomwe. Siku ya pili ilikuwa zamu yake ya kuieleza biashara yake mbele ya darasa, na wageni walialikwa kusikiliza, wanunuzi wakubwa wa mjini. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu. Akamwendea Kijakazi, aliyekuwa ameketi mkekani, kichwa kakiinamishia magotini.

"Nafika nyumbani mara moja, mwenzangu. Narudi sasa hivi."

"Haya," Kijakazi akasema.

Haikuwa mara moja. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika, na zamu yake ikasogezwa mwisho. Alipopewa nafasi, alianza kueleza habari za miaa na rangi, lakini akajikuta anamweleza mke wa mjomba wake: vidole vilivyomgonga, na namna walivyomlaza kaburini jana yake. Alilia. Darasa likalia naye. Pole zikamiminika, mioyo ikajaa kwenye kioo cha simu, Mwalimu Rosemary akamwombea marehemu. Nusaiba hakuwahi kufarijiwa na watu wengi kiasi hicho. Alilia mpaka akatulia kabisa.

Akarudi msibani giza limeshaingia, macho makavu. Ndani kilio kilikuwa kimeanza upya, maana shangazi wa marehemu alikuwa ndiyo kwanza amewasili. Kila aliyekuwepo alikuwa akilia na Kijakazi. Nusaiba aliketi kando yake, akatafuta chozi, asilipate. Alikwisha kuyamwaga yote kwa watu wa Bukoba. Kijakazi aliinua uso, akamtazama macho yale makavu kwa kitambo, akarudi kwenye kilio chake. Mtu mmoja akamsogezea Nusaiba sahani iliyofunikwa kawa, akamwambia ale, wamemwekea. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Angekuwa ameulizwa, angejibu. Angetukanwa, angeomba radhi, wangelia, yakaisha. Lakini tangu siku ile Kijakazi alianza kumheshimu, na heshima ya mtani haina dawa.

Miezi ikapita. Wateja wakaanza kusema ile video wameichoka, wanataka mpya. Mwalimu Rosemary naye akamhimiza: watu hununua undugu, dada, waonyeshe. Nusaiba alifurahi kupata sababu. Moyoni alijua hakuwa anafuata video. Alikuwa anamfuata Kijakazi, amsikie akimtania mara moja tu, ajue kwamba bado ana kwao.

"Hodi hapa!"

"Karibu, tajiri," Kijakazi akasema, akainuka, akaingia ndani, akatoka na kiti.

"Kiti cha nini? Nakaa hapa hapa mkekani."

"Aa, utachafuka. Miaa ina rangi mbichi."

Miaa haikuwa na rangi, ilikuwa myeupe. Lakini kiti kilikuwa kimeshawekwa, na wanawake walikuwa wamekusanya miguu kumpa njia. Akakaa. Alikuwa peke yake juu, wengine wote chini, na magoti yake yalikuwa usawa wa vichwa vyao.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Bakary?"

"Mzima, yuko na ufuta wake. Safari hii hata sijui atarudi lini."

Akangoja. Alikuwa amemwachia Kijakazi mlango wazi kabisa; mtani gani apishe neno kama hilo? Kijakazi alikuwa akichagua miaa, anaupima mmoja kwa mwenziwe.

"Kijakazi, leo huna la kumsema Bakary?"

"Nimseme nini mume wa mtu?" Kijakazi akajibu kwa upole. "Mungu amrudishe salama."

"Amina," wakaitikia wote.

Nusaiba akainama kumwelekea Kijakazi. Akateremsha sauti. "Ile siku ya matanga, mwenzangu, mimi..."

"Yale yalikwisha, dada. Hitma tulisoma." Hakukuwa na hasira ndani yake. Hata Nusaiba aliitafuta hasira, maana hasira angejua pa kuishika. "Haya, hiyo video unataka tufanyeje? Tusije tukakuharibia kazi."

"Kama siku zote. Chekeni tu."

Wakatazamana, wakacheka, kicheko cha watu walioambiwa wacheke. Nusaiba akasimama na simu yake, akarekodi mikono, akarekodi ukili, akamsogelea Kijakazi apate uso wake.

"Tajiri, sogea kidogo," Kijakazi akasema bila kuinua macho, "unatuzibia mwanga."

Mmoja wao akacheka kweli, akajiziba mdomo na kanga. Nusaiba akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akawa nje ya baraza, juani, na huko ndiko alikomalizia kurekodi.

Asubuhi yake akaipandisha video. Kabla ya hapo aliisikiliza sauti ile peke yake chumbani, mara nyingi kuliko atakavyokubali kumwambia mtu. Unatuzibia mwanga. Aliisikiliza kwa sauti ya juu, akaisikiliza ameiweka sikioni, akitafuta kama chini yake kuna kicheko kimejificha. Akidhani amekipata, akirudia hakipo.

Watu wa mtandaoni hawakuhangaika. Kwao ulikuwa utani mtupu, wakaumwagia mioyo. Wakaandika kwamba mnapendana jamani, kwamba huyo anayesema sogea anachekesha, kwamba Pande lazima waje. Oda zikaingia tangu asubuhi. Nusaiba akawajibu mmoja mmoja, kwa adabu, kama alivyofundishwa, "Karibuni sana kwetu."

Katikati yao mwanamke mmoja wa Morogoro akauliza, "Dada, na wewe ni yupi hapo? Nimetazama sijakuona."

Nusaiba akaandika, akafuta. Akaandika tena.

"Mimi ndiye niliyeshika simu."