Video nyeusi kwenye programu ya sauti ilivyonila siku nne, Mama Moraa akisubiri

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Naandika hii nikiwa bado na hasira kidogo, lakini sitaongeza chumvi. Ilivyokuwa ndivyo nitakavyosema.

Nina studio ndogo hapa Ogembo, juu ya duka la mbolea. Kazi yangu ni sauti. Video si fani yangu, ila siku hizi kwaya haikubali sauti tupu.

Kwa hivyo tunafanya hivi. Wanarekodi wimbo kwangu, halafu wanaenda kwenye mashamba ya majani chai wanapigwa video wakiufuatisha kwa midomo. Wananiletea video, naifungua ndani ya programu yangu ya kuhariri sauti, naweka ile sauti safi hadi midomo na maneno viende pamoja.

Nimefanya hivyo mara nyingi. Sijawahi kusumbuka.

Sasa kuna Mama Moraa. Huyu ameongoza kwaya ya Waadventista kule Nyaramba kwa zaidi ya miaka ishirini. Ana soprano ambayo ukiisikia unaacha unachofanya. Alikuwa amepata uvimbe kwenye koo na alitakiwa kufanyiwa operesheni Jumatatu. Daktari hakumficha: sauti inaweza isirudi vile ilivyokuwa.

Akaja kurekodi wimbo aliotunga mwenyewe. Alipomaliza akaniambia, "Mwanangu, nataka niuone Sabato hii na wenzangu, kabla sijalazwa."

Nikamwahidi. Si ni kazi ya nusu siku?

Jumanne Kemunto, katibu wa kwaya, akanitumia flash yenye video. Yeye ndiye huwapiga video kwa simu yake.

Nikaiweka kwenye timeline. Nikafungua dirisha la video.

Nyeusi.

Sauti ya simu inacheza vizuri, mpaka upepo unasikika. Picha hakuna. Nikafunga, nikafungua. Nyeusi. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nyeusi kama sufuria ya matangani.

Nikaupdate driver ya video. Bundles za intaneti zikaisha katikati, nikanunua zingine. Bado.

Nikaingia mtandaoni. Mmoja anasema zima hardware acceleration. Mwingine anaapa kwamba dawa ni kuiwasha. Nikajaribu zote mbili, wakuu. Zote.

Jumatano nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nikafuta programu yote nikaiweka upya. Zile settings zangu zote, template za kwaya nilizotengeneza kwa miaka, zikaenda nayo. Hapo ndipo niligundua sina backup. Msinicheke.

Na dirisha? Nyeusi vilevile.

Nikampigia rafiki yangu wa Kisii mjini, fundi wa kompyuta. Hata hakuniacha nimalize. "Hiyo mashine yako imezeeka. Tafuta yenye graphics card."

Nikamwambia, "Lakini video hiyohiyo inacheza kwa player ya kawaida!"

"Ndiyo nakwambia, imezeeka."

Tuendelee.

Alhamisi nikaamua kufanya kazi kama kipofu. Nikawa naangalia video kwenye player, naandika kwenye karatasi ni sekunde gani mdomo unafunguka, halafu narudi kusogeza sauti. Mwisho nikaunganisha picha na sauti kwa app ya simu, nikamtumia Kemunto.

Haikuchukua muda, Mama Moraa mwenyewe akapiga.

"Mwanangu, mwanzo ni sawa. Lakini kufika ubeti wa tatu nimeshafunga mdomo na bado naimba. Watu watadhani ni mzimu."

"Pole mama, mashine inanisumbua."

"Sikulaumu. Lakini Jumatatu haisogei."

Simu ikakatika. Nikakaa nikiangalia lile dirisha jeusi. Kusema ukweli nilitamani kuirusha ile laptop kwa barabara.

Ijumaa asubuhi Kemunto akafika Ogembo. Ametoka Nyaramba mapema kuja kukaa na mimi hadi kieleweke, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na kazi imefungwa.

Akaangalia kioo. Akauliza, "Na ile video yetu ya mwaka jana, inafunguka?"

Nikakasirika, wakuu. Siku tatu napigana na driver, mtu anakuja na swali la mtoto. Nikaiweka tu ili nimwonyeshe kwamba haihusiani.

Ikafunguka. Picha safi, kwaya nzima, majani chai kijani kibichi.

Tukatazamana.

"Hii ya mwaka jana nilipiga na simu yangu ya zamani," akasema. "Hii nyingine ni ya simu mpya."

Kumbe! Ile simu mpya inabana video kwa codec mpya ili faili iwe ndogo. Programu yangu haikuijua hiyo codec, ikawa inasoma sauti peke yake. Player ya kawaida inaijua, ndiyo maana huko picha ilikuwepo. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Kisha nikaona jambo la pili. Simu hiyo hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kulingana na mwanga. Ndiyo maana mwanzo uliendana na ubeti wa tatu ukapotea.

Nikachukua converter ya bure, nikageuza video iwe H.264, codec ya zamani, na frame rate isiyobadilika. Chai ya Kemunto ilikuwa haijapoa. Nikafungua dirisha: Mama Moraa huyu hapa, na kitambaa chake cha bluu.

Siku nne!

Saa saba mchana karibu kila kitu kilikuwa kimekaa, isipokuwa sehemu moja ubeti wa tatu. Mdomo unachelewa kidogo. Nikasogeza sauti, sehemu zingine zikaharibika. Nikarudisha. Kemunto akampigia Mama Moraa.

Akajibu, "Hapo msiguse. Niliishiwa pumzi kwenye mlima. Acheni, ni mimi."

Tukaacha. Kemunto akaondoka na flash jua likiwa bado juu.

Sabato baada ya ibada nikafika kwake Nyaramba. Sebule imejaa hadi mlangoni. Mama Moraa aliutazama wimbo wake. Ulipoisha akasema, "Alto, mliingia mkichelewa. Rudisha tusikie." Tukaurudisha mara tatu. Mara ya mwisho hakuna aliyekosoa, na wengine walikuwa wanapangusa macho.

Operesheni ilienda salama. Sauti imeshuka, soprano haifiki tena. Juzi kanisani nilimkuta amesimama nyuma na besi. Akaninong'oneza, "Nimehamia kwa wanaume, na huku hawajui nota."

Nilichojifunza: picha ikikosekana, kabla hujagusa driver, kabla hujafuta chochote, jaribu faili nyingine kwanza. Ikifunguka, tatizo ni faili. Na swali la mtoto lijibu kwa heshima. Backup pia, tafadhali.

Yule fundi bado anasisitiza graphics card.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Dirisha jeusi limemla nani mwingine humu, na lilimla siku ngapi?