Silinda ya Pili na ya Tatu

Siku ya tisa hiyo, na injini bado inamisi. Syafnil aliwasha, gari likatetemeka kama mwenye homa, likapiga chafya ya moshi kwa nyuma, na kuku wa jirani wakatawanyika. Jirani mwenyewe, Tek Nurbaiti, mkaanga chipsi za muhogo, alichungulia juu ya ua akauliza kama analitengeneza au analichinja. Syafnil akarudisha kichwa chini ya boneti. Mtu ameendesha basi dogo Bukittinggi hadi Pekanbaru miaka thelathini na minane, akilitengeneza mwenyewe kando ya barabara mvua ikimnyea mgongoni, leo anachekwa na mkaanga muhogo uani kwake.

Uani kwake? Hapo ndipo penyewe. Ua ule haukuwa wake. Kwetu huku Bukittinggi nyumba ni ya wanawake. Mwanamume huja na sanduku lake akaoa, na mkewe akifa hubeba sanduku lilelile akarudi kwa dada zake, alikozaliwa. Hakuna amfukuzaye, hapana, anajua tu mwenyewe. Mkewe Yusna alikuwa amefariki mwaka mzima sasa, nyumba imeshuka kwa binti yao Yelmira, na Syafnil bado yupo, analala kwenye kitanda cha watu, anakunywa chai ya watu. Cha kwake pale kilikuwa kimoja tu, gari hilo kuukuu.

Dada yake mkubwa, Uni Rosmaini, alikuwa ameshamtolea chumba cha mbele huko Maninjau, chini kwenye ziwa. Alinunua hata godoro. Kila alfajiri baada ya swala alipiga simu kuuliza lini, na Syafnil alishaapa kwamba Ramadhani haitamkuta Bukittinggi. Zilibaki siku kumi na moja. Yelmira, ambaye ni mwalimu, alimwambia atulie, shule zikifungwa atampeleka. Lo, alichemka mzee! Akasema yeye si gunia la mchele, na mwanamume harudi kwao akipakiwa. Atashuka zile kona arobaini na nne za kwenda ziwani akiwa ameshika usukani mwenyewe, aegeshe mlangoni kwa dada yake, apige honi. Mkataa kwao mtumwa, alisema, na mimi nimekuwa mtumwa mwaka mzima. Kuhusu macho yake, ambayo daktari alikuwa ameyazungumzia kwa maneno marefu, yeye alisema yanataka miwani mipya tu, basi.

Kwa hiyo siku tisa alikuwa amefungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi. Alisafisha kabureta. Alipiga msasa pointi. Alibadilisha koili. Akaingia kwenye ile njia ya zamani isiyodanganya: injini ikiwa inaunguruma, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa na injini ikadhoofika, silinda hiyo ni nzima. Ukichomoa na isijali, hiyo ndiyo mfu. Alichomoa wa kwanza, injini ikazama. Wa nne, ikazama. Wa pili, hakuna kitu. Wa tatu, hakuna kitu, ila umeme ulimrusha mkono hadi begani akamtukana fundi asiyekuwepo.

Mbili jirani zimekufa pamoja. Fundi yeyote angekwambia gasketi ya juu imeungua kati ya silinda hizo. Maji kwenye rejeta hayakutoa mapovu, kama yanavyotoa mara nyingi gasketi ikiungua, na hilo lilimkera, lakini alilimeza. Plagi alizitoa akazisafisha moja baada ya nyingine, na kila waya aliurudisha palepale alipoukuta, kama alivyojizoeza tangu ujana ili asije akachanganya. Jioni Yelmira alimletea chai, akamshikia tochi, akauliza kama ameona tatizo. Alisema bado. Binti akasema pole, Apak, labda limezeeka tu.

Basi mchana wa siku ya tisa aliamua kufungua kichwa cha injini. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na akikosea hana gari tena. Jua lilikuwa linamchoma macho, akayafumba, akaanza kutoa nyaya kwa kupapasa. Vidole vikafika waya wa tatu vikasimama. Ulikuwa umevutika, umekaza. Wa pili ulikuwa umelegea, umejikunja. Nyaya zile alizikata yeye mwenyewe, kila mmoja kwa urefu wake, na hakuna uliokuwa umekaza wala kulegea. Mtu alikuwa amezibadilisha. Moto wa silinda ya pili ulikwenda kwenye ya tatu, na wa ya tatu kwenye ya pili, kila mmoja ukifika saa isiyo yake.

Tek Nurbaiti hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Katika mtaa mzima kulikuwa na mikono mingine miwili tu iliyoijua injini ile. Mungu hakumpa mtoto wa kiume, na Yelmira alipokuwa na miaka tisa, baba alimfundisha mpangilio wa moto wa plagi huku mtoto akiosha vyombo: moja, tatu, nne, mbili. Kikulacho ki nguoni mwako. Syafnil aliketi kwenye bampa, hasira imemjaa.

Alirudisha nyaya, akawasha. Injini ikatulia, laini, kama haijawahi kuumwa. Akalifuata sanduku lake ndani, akaliweka kiti cha nyuma. Angeweza kuondoka saa ileile. Lakini hasira ilitaka imwone mtu, akasubiri.

Yelmira aliisikia injini tangu barabarani. Alizima pikipiki getini, akasimama na helmeti kichwani.

"Mbili na tatu," Syafnil alisema.

"Ndiyo, Apak."

"Siku tisa, Mira. Unaniletea chai, unanishikia tochi, unaniuliza nimeona nini. Huna haya?"

"Sina." Akavua helmeti. "Unaikumbuka Ijumaa ile niliporudi sare imechanika na goti linavuja damu?"

Aliikumbuka. Alimgombeza kwamba anaendesha pikipiki kama mlevi.

"Sikuwa kwenye pikipiki. Nilisimama kona ya msikiti nakusubiri uje na gari. Nikakupungia. Ulikuwa unanitazama usoni kabisa, ukaja moja kwa moja. Mimi nacheka, nadhani unanitania. Nikajitupa mtaroni, na wewe ukapita."

Syafnil aliitafuta Ijumaa ile kichwani. Barabara ya msikitini aliikumbuka vizuri, mpaka ule mti uliokatwa matawi. Ilikuwa tupu. Angeweza kuapa kwamba ilikuwa tupu.

Alinyoosha mkono akazima injini. Akafungua boneti, na kwa kupapasa akatoa kile kifuniko kinachopokea zile nyaya. Chini yake kuna kidude kidogo, saizi ya kidole gumba, kinachozunguka na kuigawia kila plagi moto wake. Alikichomoa, akakifuta kwa shati, akakiweka kiganjani mwa binti yake na kumkunja vidole.

"Nyaya mtu anazigundua," alisema. "Ukitaka kumzuia dereva, mtolee hiki. Na usikiache nyumbani, mama, mimi nitakitafuta. Nenda nacho shuleni."

Yelmira alisema kesho tu atampeleka Maninjau, ataomba ruhusa, wataenda wote wawili polepole. Mzee alilitoa sanduku kiti cha nyuma, akaingia nalo ndani. Kisha akampigia dada yake. Alimwambia chumba kile ampe mtu mwingine, gari limekufa. Uni Rosmaini aliuliza limekufaje. Gasketi, alisema. Uni akasema si kuna mafundi mjini? Syafnil akasema vipuri vya gari lile siku hizi havipatikani, ameuliza kote. Yelmira alikuwa amesimama mlangoni na kile kidude ngumini, akimsikia baba yake akidanganya.