Picha ya mwanamke wa kijani ambayo balozi alitaka ichomwe

Wakuu, ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Unga wa mahindi ya msaada, ukiusonga unanuka ghala, mboga kisamvu bila nazi. Waliokula wanajua mwaka gani.

Vijana shikamoo zenu nimepokea, marahaba. Haya ni ya kweli, yamenipata mimi.

Nyumba ni yangu, Kariakoo, kaniachia mama. Shule niliishia la pili, lakini hakuna mpangaji aliyenipandishia sauti.

Mwaka huo homa ikamchukua mwanangu wa pekee, Zuhura.

Kwetu mwanamke haendi makaburini. Wanaume wakabeba jeneza, mimi nikabaki mlangoni nimeshikwa na mashoga zangu. Usiombe.

Nyuma kabisa ya jeneza alikuwa Chilumba, mpangaji wangu wa Kimakonde, fundi wa mabango ya maduka. Akageuka, akaniona.

Baada ya arobaini akaniletea picha, kaichora kwenye ubao wa kasha la chai. Mwanamke mlangoni. Uso kijani, mdomo shimo, mikono mikubwa kuliko kiwiliwili, imenyooka, haina kitu. Mlango umepinda kama unaanguka.

"Shoga, umelitundika jini!" wakanicheka.

Nikaiacha ukutani.

Habari zikamfikia balozi wetu wa nyumba kumi. Akaja mwenyewe.

"Kijani rangi ya chama, mnampaka mwendawazimu! Na mikono mitupu hii, si mnasema nchi ina njaa? Ichomwe, au Chilumba analala ndani leo."

Chilumba akadakia. "Mama Zuhura, mwache aichome. Nitachora nyingine."

Nikasimama mbele ya ubao.

"Balozi, mwenye njaa anashika tumbo. Mikono hii imetoka kunyang'anywa mtoto. Na siku ile ndani yangu nilikuwa rangi hiyohiyo, kama jani lililochemshwa. Wewe si ulibeba jeneza? Ungegeuka ungeniona."

Akatazama chini. Halafu, "Hata hivyo, iondoke."

"Haiondoki. Mwanangu hatoki nyumba hii mara mbili."

Akavaa kofia yake, akaenda. Hakurudi.

Ila Chilumba woga ulishamwingia. Wiki hiyohiyo akahamia Buguruni. Hakuchora tena mtu, mabango tu, mpaka anakufa. Hilo linanikaa kooni hadi leo.

Nilichojifunza: picha usiiulize inafanana na nani, iulize inaumwa wapi. Wengi mnakimbilia rangi.

Haya komentini, nasoma zote. Matusi kawapeni waliowalea.

Na wewe uliyenifuata PM na ofa yako, eti uipeleke ikaonwe na watu:

Haiondoki. Mwanangu hatoki nyumba hii mara mbili.