Gunia la Shangazi

Juzi, nyumbani kwa bibi, mtaa wa Mafiga, binamu yangu aliwasha deki la zamani akaweka CD ya mchezo wa maswali ya kuchekesha ambao shangazi aliwahi kushiriki. Nikasogeza kiti changu karibu na mlango wa jikoni.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa mdogo. Sebule ilinuka vitunguu vya kukaanga. Kwenye runinga shangazi yangu alisimama mbele ya muuliza maswali, naye akamtolea macho: "Mluguru wewe, ukikosa nakutia guniani, nakuuza sokoni pamoja na ndizi zako!"

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Nikadhani amemkana binti yake. Sikujua kwamba yule bwana ni mtani wetu, wa kabila linalotaniana na letu, na mtani hututania hata msibani.

Shangazi akakosa. Gunia likafunguliwa. Nikakimbia jikoni, alikokuwa shangazi mwenyewe akipika, nikamng'ang'ania kiuno.

"Shangazi, wanakuja kukuchukua!"

"Basi waje na gunia kubwa, mimi mnene hivi!"

Sasa utani naujua. Lakini juzi gunia lilipofunguliwa tena, nilinyanyuka taratibu nikaenda kuchungulia jikoni. Shangazi alikuwa anakoroga mboga.

"Bado nipo, mama," akasema bila kugeuka.