Vijiko vya Mjane

Juzi nilialikwa kutazama tamthilia katika ukumbi mmoja mjini, wenye kiyoyozi na makochi mbele kwa ajili ya wageni rasmi. Kabla haijaanza, bwana mmoja wa suti akatufafanulia kwamba sanaa ya maigizo ni kioo cha jamii. Watu wakapiga makofi. Mimi, rafiki yangu, nilisonya, maana kauli hiyo naijua tangu darasa la sita, Kariakoo.

Mwalimu wetu alitukaririsha kila asubuhi, huku harufu ya vitumbua ikiingia dirishani pamoja na kelele za wachukuzi: "Pisha, mzigo!" Kioo cha jamii, kioo cha jamii. Siku ya wazazi ilipokaribia akatutungia igizo la mjane aliyefukuzwa na shemeji yake. Mtaa mzima ulijua linamhusu nani. Jirani yetu alitupiwa vyombo uchochoroni na mdogo wa marehemu mumewe, hata eda hajamaliza, na bibi yangu ndiye aliyemhifadhi.

Nafasi ya mjane nikapewa mimi. Jioni tulikaa na jirani huyo uani tukichagua mchele, akinifundisha.

"Usilie kwa kelele," aliniambia. "Mimi sikulia. Niliokota vijiko tu."

Akaniazima kanga aliyoivaa siku ile, na vijiko vyenyewe. Alitaka jambo lile lionekane mbele za watu, hata mara moja.

Siku ikafika, na nani kakaa kiti cha mbele? Shemeji mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kwa kuwa ndiye aliyetoa madawati ya shule. Mwalimu alipomwona, jasho likamtoka.

"Jamani, leo tunaenda na lile igizo letu la zamani, la kuchemsha maji," akatunong'oneza. "La mjane tuliache."

Shujaa wa kioo huyo! Tukacheza la kuchemsha maji. Nikakoroga sufuria tupu kwa kijiko cha mjane, nimejifunga kanga yake, nawaonya watu juu ya kipindupindu. Shemeji alipiga makofi kuliko wote. Mjane alisimama nyuma, karibu na mlango.

Shule ile imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka ya simu. Bibi hayupo, wala mjane. Mwalimu nimemdharau miaka yote na sijutii, ila dharau kubwa zaidi nimejiwekea mwenyewe. Nilipomrudishia mjane vitu vyake jioni ile, aliikunja kanga polepole bila kunitazama.

"Vijiko ulikuwa navyo, mwanangu," alisema. "Ungeviangusha tu, ukaviokota."