Sentimita Kumi na Mbili kwa Kila Mgombea

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mashine ya unga haijawashwa, Godeberthe alibandika gazeti lake ukutani. Lilikuwa karatasi moja tu, mgongo wa kalenda kubwa ya mwaka uliopita, limeandikwa kwa kalamu nene nyeusi na kugandishwa pembe nne kwa uji wa muhogo. Humo mlikuwa na siku ya mgao wa chakula, daktari wa macho atakayefika zahanati, mbuzi aliyepotea na rangi yake, aliyefariki na mahali pa matanga. Watu waliokuja kusaga mahindi walisoma wakingoja zamu. Wasiojua kusoma aliwasomea mwenyewe, hasa wanawake wazee watano waliokaa kwenye ubao chini ya upenu wa mashine na kumkatiza kila mstari.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kumi na mmoja ya mwisho aliishi Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, katika kijiji kilicho kando ya barabara iendayo Ngarama, na minne kati ya hiyo aliishi peke yake, tangu mumewe Melchior alipougua kifua na kuzikwa kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Hawakupata mtoto. Warundi wenzake walimwita Mama Gazeti, na Wakongomani nao wakamwita hivyo hivyo. Jina lile lilikuwa la heshima, lakini jina la heshima humweka mtu mbali kidogo.

Mtu mmoja tu alimwita Gode. Huyo alikuwa Marcienne, Mkongomani wa Fizi, muuza mawese, mama wa watoto watano, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwake. Jioni Godeberthe aliingia kwa Marcienne bila kubisha hodi, akavuta mkeka mwenyewe, akaketi karibu na mafiga mpaka sombe, mboga ya majani ya muhogo, liive. Siku nyingine hawakusema lolote. Hakuwa na nyumba nyingine ya kuingia namna hiyo, Nakivale wala penginepo duniani.

Kwa hiyo uchaguzi wa baraza la wakimbizi ulipotangazwa, na waliojitokeza kugombea uenyekiti wa kijiji wakawa wawili, Marcienne na Mrundi mmoja mwenye duka aitwaye Venuste, Godeberthe aliogopa. Moyoni hakuwa na shaka nani anafaa. Marcienne ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba bomba lilipokauka, ndiye aliyekesha zahanati na wajawazito wasio na ndugu. Venuste hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusalimia vizuri. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulibandika ukutani ni kitu kingine.

Alikwisha kuyaona hayo. Katika ujana wake alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha parokia, huko Burundi, mahali palipotoka gazeti la kurasa nne. Mwaka mmoja mhariri aliandika ukurasa wa kwanza kwamba wasomaji wampe kura bwana fulani. Melchior ndiye aliyepanga herufi, yeye ndiye aliyesahihisha, na hapakuwa na kosa hata moja. Kuanzia wiki ile jirani wa juu akaacha kuja kuomba moto. Jirani wa chini akaanza kupitisha ng'ombe wake njia nyingine. Ilipofika Pasaka walikaa wawili na mtungi wao wa bia ya ndizi mpaka ikachacha. Hakuna aliyewatukana. Waliachwa tu.

Mwezi ule, kama kila mwezi, alikwenda Mbarara kuchukua kalenda kuukuu. Alizipata kwa Kizito, muuza magazeti wa Nyamityobora, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kila Januari alikusanya kalenda za mwaka uliokwisha na kumwekea. Mjini nako walikuwa na uchaguzi wao. Alimkuta Kizito katikati ya wateja wawili, fundi cherehani na mwenye bodaboda, na kati yao gazeti moja limefunguliwa.

"Hii gazeti imekula," fundi alikuwa akisema.

"Imekula nini?"

"Imekula kitu ya huyu mutu! Soma hapa, ssebo. Wanasema chagua huyu. Nani aliwauliza?"

"Afadhali hawa wanasema wazi," alijibu wa bodaboda. "Ile ingine inajifanya haina mutu. Lakini picha ya mutu wao kila siku anacheka, na ya mutu yako inatoka kama amelala."

"Analala kweli," Kizito alisema, nao wakacheka kidogo. "Mimi nauza zote mbili. Mimi sina mutu."

"Wewe, mzee! Juu ya hii meza yako, ni gani iko juu?"

Kizito alitazama meza yake. Akachukua gazeti lililokuwa juu, akaliweka chini ya lile lingine. Akafikiri, akalirudisha. "Nyabo," alimwambia Godeberthe, "chukua karatasi yako uende. Leo hapa hakuna akili."

Safari nzima ya kurudi, kalenda zimeviringishwa mapajani, Godeberthe aliwaza juu ya meza ile. Alipofika nyumbani alitoa rula ya mti yenye ukingo wa chuma, kitu pekee kilichobaki kutoka kiwandani. Akaamua. Kila mgombea angepata sentimita kumi na mbili za kwenda chini, sentimita thelathini za upana, wote kwenye mstari mmoja. Wiki hii mmoja angekaa kushoto, wiki ijayo kulia. Yeye mwenyewe asingeandika neno lake.

Marcienne alikuja na mambo manne, ameyashika kichwani kwa mpangilio: kamati ya wanawake ya bomba, mtu wa kulinda zahanati siku za mgao, njia ya maji ya mvua iliyobomoa nyumba tatu, na watoto wanaorudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karatasi. Kila jambo alilieleza, na Godeberthe akaliandika lote, akizibana herufi ili zienee.

Venuste alikuja na kofia mkononi.

"Andika kwamba ninawapenda wote, na amani."

"Na nini tena?"

"Na amani, Mama Gazeti."

"Hiyo nimeiandika."

"Basi inatosha. Amani haiongezwi kitu."

Zilibaki sentimita tisa tupu. Godeberthe aliziona zikimtazama. Akiziacha wazi, watasema amemdharau Mrundi mwenzake kwa sababu anakula kwa Mkongomani. Hapo akaandika upya maneno ya Venuste, makubwa, herufi ndefu kama kiganja, mpaka yakajaza sentimita kumi na mbili kamili.

Jumamosi hiyo wa kwanza kufika alikuwa Onesphore, shemeji yake Venuste. Alikuja na unyasi mkavu, akaupima kwenye sehemu ya Venuste, akaukata, akaupeleka kwenye sehemu ya Marcienne.

"Sawa," alisema, kama mtu aliyetarajia kukuta pungufu. "Maana tunajua jioni unakunja miguu kwenye mkeka wa nani."

"Pima na wiki ijayo," Godeberthe alimwambia.

Wanawake wazee walicheka. Alijisikia vizuri. Nadhani ndiyo asubuhi pekee ya uchaguzi ule aliyojisikia vizuri.

Saa nne Marcienne alimwita kutoka bombani, hatua thelathini hivi kutoka ukutani.

"Gode, kuya hapa. Simama fasi niko nasimama. Soma."

Godeberthe alisoma. "Ninawapenda wote na amani."

"Na yangu?"

Kutoka pale maneno ya Marcienne yalikuwa kama chungu waliotambaa juu ya karatasi. Hakuweza kusoma hata moja, naye ndiye aliyeyaandika.

"Ni sentimita sawasawa, Marcienne. Hata Onesphore amepima."

"Sikuomba sentimita. Niliomba bantu basome." Hakupandisha sauti. Ndoo yake ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, na hakuifunga koki. "Venuste hana neno, unamupa herufi ya mukubwa. Miye niko na mingi, unanifinya. Sasa nani umebeba?"

"Sikumbeba mtu."

"Basi sikiya. Posho ijayo... Jumamosi ijayo, andika mustari moja. Moja tu. Usiseme banichague. Andika ile unajua. Miaka ine umekula kwa moto yangu, unanijua. Andika kama unanijua."

Godeberthe alitazama ukuta. "Gazeti si langu peke yangu," alisema.

"Ni la nani? Mukono ni wa nani?"

Wiki iliyofuata alijaribu kurekebisha. Alikuza herufi za Marcienne, na ili zienee akaondoa mambo mawili kati ya manne. Wakongomani wakauliza kwa nini njia ya maji imefutwa, mume wa Mrundi huyu wa gazeti anaogopa nini. Godeberthe hakuwa na mume tena, lakini ndivyo maneno yanavyotembea. Warundi wakauliza mbona sasa herufi za mwanamke zimenenepa. Onesphore alipima tena, akakuta kumi na mbili, akatikisa kichwa kana kwamba rula na unyasi wake mwenyewe vilikuwa vimehongwa. Jioni Godeberthe aliingia kwa Marcienne, wakala, wakaongea habari ya mvua.

Mstari mmoja ule aliuandika. Aliuandika nyumbani, kwenye kipande cha kalenda: *Huyu ninamjua.* Aliukata kwa rula ukanyooka vizuri, akautia ndani ya kitabu cha sala. Haukufika ukutani.

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika kwenye uwanja mbele ya mashine. Huku hakuna karatasi za kura. Mgombea husimama, na anayemtaka hupanga mstari nyuma yake, mchana kweupe, jirani akimwona jirani. Ofisa wa kambi hupita akigusa mabega na kuhesabu. Godeberthe alilijua hilo, kila mtu alilijua, lakini ni kama hakuwa amelifikiria mpaka alipomwona Marcienne amesimama peke yake kushoto, kitenge chake cha bluu kimefungwa kwa uangalifu, na watu wakianza kumwendea.

Akisimama nyuma ya Marcienne, kila Jumamosi iliyopita itageuka kuwa uongo. Watasema rula ilikuwa mchezo. Akisimama nyuma ya Venuste, huo ungekuwa uongo wa kweli. Alikwenda akaketi kwenye ubao chini ya upenu, chini ya gazeti lake.

Muda mfupi baadaye ubao ulilia. Alikuwa mmoja wa wanawake wazee. Kisha wa pili. Wakaja wote watano, wakiegemeana.

"Nendeni mkapange mstari, mama zangu," aliwaambia.

"Na weye?"

"Mimi siendi."

"Mwenye anasoma anaikala, miye nisiyejua kusoma niende wapi?"

"Mimi nakaa kwa sababu ya gazeti. Nyinyi hamna gazeti. Nendeni, wanahesabu!"

"Iko wewe tulikuwa tunangoja tuone," alisema mkubwa wao, akinyoosha miguu. "Ukikaa, basi hakuna mwenye kufaa. Tumeelewa." Na wenzake wakaitikia, wametulia, kama watu waliokwisha kusomewa habari yote.

Alitaka kusimama. Nimemsikia akisema hivyo mara mbili, kwamba magoti yalikwisha kunyooka. Lakini ofisa alikuwa tayari katikati ya mstari wa Marcienne, akigusa mabega, na kutoka mbele ya mstari ule Marcienne aligeuza shingo, akautazama ubao kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akahesabu. Kisha akageuka mbele.

Venuste alipata mia moja arobaini na tatu. Marcienne alipata mia moja thelathini na tisa. Kwenye ubao walikuwa sita.

Watu wa Venuste walipiga vigelegele. Onesphore alikuja mpaka upenuni akampa Godeberthe mkono, mikono yote miwili kwa heshima.

"Asante, mama. Tulidhani wewe ni wa kule. Kumbe ulitusaidia bila kusema."

"Sikuwasaidia."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Onesphore, akitabasamu kama watu wanaoshiriki siri. "Sikuwasaidia. Vizuri kabisa."

Mchana ule ule aliandika matokeo. Karatasi ilikuwa kubwa na habari ilikuwa ndogo: majina mawili, tarakimu mbili. Aliandika yote kwa herufi za kawaida, kisha akakaa akitazama nafasi iliyobaki, pana na nyeupe. Hakuijaza. Rula aliiacha juu ya kitanda.

Jioni alichukua bakuli la maharage, akaenda. Mlango wa Marcienne ulikuwa wazi kama siku zote na moto ulikuwa unawaka. Lakini safari hii alisimama kizingitini, hata yeye hakujua kwa nini, akabisha hodi.

Marcienne aliinua uso kutoka kwenye sufuria. Hakuwa amekasirika. Godeberthe aliutafuta ukali usoni pake, akatamani kuuona, hakuuona.

"Karibu, Mama Gazeti," Marcienne alisema. Akamgeukia binti yake. "Mariette, letea mugeni kiti."

Mariette alileta kiti cha mti, kile cha katekista anapokuja kuombea wagonjwa. Akakifuta vumbi kwa kanga. Godeberthe aliketi, bakuli mapajani. Kutoka juu ya kiti moto ulionekana mbali. Mkeka ulikuwa umeviringishwa, umeegemezwa ukutani. Alishukuru, akapewa chai kwenye kikombe chenye kisahani, na waliongea habari ya mvua mpaka ikafika saa ya mgeni kuaga.