Mchele wa Arobaini ya Oktavia

Polikarpo wa Lyamkena alipata C ya hisabati kidato cha nne, na kwa miaka thelathini hakumruhusu mtu kuisahau. Basi mkewe Oktavia alipofariki na misa ya arobaini ikakaribia, alijitwika mwenyewe kazi ya kupima mchele. Watu mia wangekula. Oktavia hakuwahi kumtoa mgeni kwake na njaa, na Polikarpo alimwomba Mungu asiwe yeye wa kumwaibisha marehemu.

Enzi za uhai wake Oktavia alipimia vyombo viwili, bakuli na kopo, kisha akaandika daftarini: "Bakuli 2, kopo 3, watu 36, wameshiba." Ukurasa wa pili: "Bakuli 1, kopo 5, watu 32, wameshiba." Polikarpo akatabasamu. Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Kumbe ile C Mungu alimpa kwa ajili ya siku hii.

Akazidisha mstari wa pili kwa mbili, akatoa, na alama moja ya kutoa ikamponyoka. Jibu likaja kwamba bakuli hulisha watu hamsini na wawili, na kopo hulisha kutoa wanne. Muujiza wa mikate mitano aliujua. Kopo linalowanyang'anya watu wanne chakula hakuwahi kulisikia katika Injili yoyote. Akarudia: bakuli watu kumi na wawili, kopo wanne. Basi bakuli saba na kopo nne, watu mia kamili.

Akaanza kupima, akisawazisha kila bakuli kwa rula. Oliva, mdogo wa marehemu aliyetoka Kifanya, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Shemeji, unapima mchele au unapiga plasta?"

Polikarpo akamweleza hesabu kwa upole wa mwalimu. Oliva hakubishana nayo.

"Dada alipima lumbesa," akasema, akarundika mchele bakulini mpaka punje zikaporomoka.

Kilima hicho hakikuandikwa popote. Polikarpo akaweka rula mfukoni, akapima upya.

Siku ya misa watu walikula wakashiba, ikabaki sahani moja. Oliva akauliza nani hajala. Polikarpo akatoa karatasi yake: wageni tisini na wanane, nyumbani wawili.

"Wawili nani na nani, shemeji?"

Polikarpo akahesabu kwa kidole juu ya karatasi: yeye, na Oktavia.

"C yenyewe nilibahatisha," akasema.

Oliva akavuta kigoda, akaweka sahani katikati yao, wakala pamoja.